Nguo za Mzazi Hazilali Baridi

Mafuta niliyaleta mimi. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu kwa miaka saba watu wa Mikindani wamekisimulia kisa hiki bila kulitaja dumu langu, na mimi nikawaacha wasimulie.

Mdogo wangu alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa njiti, wa kike, na ngozi yake ilikuwa nyembamba kama lile ganda la ndani la kitunguu. Ukimgusa vibaya unachubua. Waliporuhusiwa hospitali walirudi kwa mama yetu Mikindani, na siku hiyohiyo mkandaji akaja na kikapu chake.

Mkandaji huyo alikuwa mama wa Kimakonde aliyepita miaka sitini, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Alikuwa amenikanda mimi kwa uzazi wangu wote wawili. Alikuwa amewakanda nusu ya wanawake wa mtaa ule, na watoto wao, na baadhi ya watoto wa watoto wao. Sote tulimwita Bibi, hata mama yangu ambaye alimpita umri kidogo. Hakuwa msemaji. Ukimuudhi alisonya tu akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa na taratibu ambazo hakuna aliyezihoji. Siku arobaini, asubuhi na alasiri, mzazi anakandwa kwa maji ya moto na mafuta, kisha anafungwa mkaja tumboni. Baada ya kumkanda mzazi, anamkanda mtoto. Khanga kuukuu zilizotumika asubuhi zinafuliwa papo hapo, zinaanikwa juani, zinapigwa pasi ya mkaa, kisha zinakunjwa zikiwa bado za moto, zinashindiliwa kwenye sanduku la mbao na kufunikwa blanketi. Alasiri zinatoka zina joto lake. “Nguo za mzazi hazilali baridi,” alikuwa akisema. Baridi ikishaingia kiunoni mwa mzazi, kwake yeye, haitoki mpaka kaburini.

Mafuta yalikuwa ya nazi, aliyoyapika mwenyewe. Hapo ndipo nilipoingilia kati.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mjini Mtwara. Siku zile nilikuwa nimesoma habari za asidi ya linoleiki, moja ya zile asidi za mafuta ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, lazima uzipate kwenye chakula. Ngozi inaihitaji ili izibe vizuri. Ikikosekana, ngozi inakuwa na magamba na inavujisha maji ya mwili, na njiti ndiye anayeumia zaidi kwa sababu ngozi yake haijakomaa. Alizeti inayo kwa wingi. Nazi karibu haina. Nilifurahi mno kulijua jambo hilo. Nilinunua dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, nikalibeba mpaka Mikindani kama mtu anayepeleka mahari.

Bibi aliyamimina kiganjani, akayanusa, akayasugua kwa dole gumba. Siku ya tatu akaniambia, “Mwalimu, mafuta haya yananata. Yanakauka mkononi. Ya nazi hayafanyi hivi.”

“Bibi, haya yana dawa ya ngozi,” nikamjibu kwa ile sauti ninayoitumia kwa kidato cha kwanza. “Ya nazi hayana.”

“Hata nguo zinanuka. Nikifua, harufu haitoki.”

“Ongeza sabuni.”

Alisonya. Mama yangu akasema mwalimu ndiye anayejua, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mama yangu, mkandaji akatii. Nilikuwa namheshimu yule mama, naapa, lakini niliheshimu mikono yake tu, si alichokuwa anajua. Leo naona aibu kuandika hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Na ngozi ya mtoto ikapona! Wiki mbili hazikuisha, ikawa laini, haichubuki tena. Nilitamba sana. Niliwaeleza majirani, niliwaeleza walimu wenzangu, nadhani niliwaeleza hata watu wasiouliza.

Siku ya ishirini na kitu, mchana, mdogo wangu alimtoa mtoto kitandani akaenda kumnyonyesha uani, kwenye upepo. Mimi nilikuwa jikoni na mama. Bibi alikuwa ameshapiga pasi tangu saa nne, ameshindilia nguo sandukuni, na sasa alikuwa uani akipepeta mchele. Kwanza tulisikia harufu kama ya rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango. Mama akauliza nani anapaka rangi. Kisha tukaona moshi kwenye dirisha la chumba cha mzazi.

Sanduku lilikuwa chini, kando ya kitanda. Tulipofungua mlango moto ulikuwa umeshapanda kwenye chandarua, na chandarua kilikuwa kikidondoka vipande vipande juu ya godoro, palepale alipokuwa amelazwa mtoto robo saa kabla. Bibi ndiye aliyeingia akalivuta sanduku nje kwa kishikio chake. Majirani wakaja na ndoo. Hakuna aliyeumia. Lakini mdogo wangu aliliona lile godoro, na tangu pale hakumweka mtoto chini mpaka jioni.

Kesho yake tulikaa kikao. Mdogo wangu, mumewe, mama, mjomba wetu, mimi, na Bibi kwenye mkeka karibu na mlango. Kila mtu alitaka kujua moto umetoka wapi. Mume wa mdogo wangu akasema umetoka kwenye pasi, hakuna kingine. Bibi akasema mkaa aliumwaga nyuma ya jiko akaumwagia maji, kama siku zote, na pasi aliiacha uani, si chumbani.

“Basi moto umejiwasha?” akauliza mume.

Mjomba wetu ni mtu wa mambo ya zamani. Alikohoa, akasema kwamba nyumba ile ina wenyewe, kwamba mashetani huweza kuwasha nguo za mzazi kama hawakupewa haki yao, na yeye alishayaona hayo utotoni huko Mnazi Bay. Nilimcheka. Nilimcheka mbele ya watu, mjomba wangu, mkubwa wangu. Ndipo mama akanigeukia akauliza swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku ile.

“Haya, wewe ndiye umesomea. Nguo zaweza kuwaka zenyewe sandukuni, bila kuwashwa?”

“Haziwezi,” nikasema. “Moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto la kuwashia. Joto lazima litoke mahali. Penye moshi hapakosi moto.”

Nilisema hayo kwa raha. Nilikuwa nafundisha.

Bibi alinitazama. Hakusonya. Akaitazama mikono yake, akasema polepole, “Basi labda nilisahau. Labda kaa lilishika kwenye khanga nisilione.” Mdogo wangu akaangua kilio. Mumewe akasimama akatoka. Mama akamwambia Bibi, kwa upole, kwamba siku zilizobaki watamtafuta mtu mwingine.

Mashetani ya mjomba yangemwokoa. Kama ningenyamaza tu, lawama zingewaendea wao, na mashetani hawana jina la kuharibika wala kazi ya kupoteza. Lakini mwalimu alikuwa amesema, na mtaa mzima ukajua kabla ya magharibi kwamba mkandaji nusura amchome mtoto kwa uzembe.

Hakuitwa tena. Kwanza waliacha kumwita wazazi, halafu hata wenye maumivu ya mgongo tu. Walisema ana mkono wa moto. Alipouacha mtaa ule akaenda kuishi kwa ndugu zake upande wa Msimbati, kwenye mihogo na mikorosho, nilijiambia kwamba amezeeka na ni vizuri apumzike. Jirani aliyekwenda kumsalimia alirudi na habari kwamba Bibi hapiki tena kwa mkaa. Hupika kwa kuni, na akimaliza anazimwagia maji, kisha anarudi kuzimwagia tena, na tena, mpaka jikoni panakuwa tope. Sisi tuliosikia tulicheka kidogo, kicheko cha huruma. Mimi pia nilicheka.

Miaka minne ikapita. Nilipelekwa kwenye mafunzo ya walimu wa maabara, na siku moja mkufunzi alikuja kutufundisha jinsi mafuta yanavyochacha. Alichora asidi ya linoleiki ubaoni: mnyororo mrefu wa kaboni wenye vifungo maradufu viwili, na kati ya vifungo hivyo kaboni moja iliyobanwa. Udhaifu wake, alisema, uko kwenye hiyo kaboni ya katikati. Hidrojeni zake zimeshikwa kwa ulegevu. Hewa ya oksijeni inasaidia kuing'oa moja, na hapo kifungo kimoja kinahama kinakwenda kukaa jirani kabisa na mwenzake. Vifungo viwili vilivyokuwa mbalimbali sasa vimefungamana. Kwenye kipimo cha mwanga wa urujuanimno ndiyo dalili ya kwanza kuonekana, kabla hata pua haijagundua kwamba mafuta yameharibika.

“Na kila hatua inatoa joto,” akasema. “Kidogo tu. Kwenye chupa hulioni. Lakini msiache kamwe matambara yenye mafuta ya namna hii yamerundikwa pamoja. Yaanikeni, au yazamisheni majini. Yakikunjwa yakiwa na joto, joto halina pa kutokea, linaharakisha kazi, kazi inaleta joto zaidi. Saa chache tu, yanawaka yenyewe. Kwanza utasikia harufu ya rangi.”

Mwenzangu wa kulia aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni joto la chumba.

Sikuamini mara moja, au nilijidai siamini. Jumamosi moja, nyuma ya nyumba yangu Shangani, nilichukua khanga kuukuu nikazipaka mafuta ya alizeti, nyingine nikazipaka ya nazi. Nikazifua kwa sabuni ya mche. Nikazianika juani, nikazipiga pasi, nikazikunja za moto, nikazishindilia kwenye madebe mawili na kuyafunika magunia. Nikachomeka kipimajoto cha shule kwenye kila debe, nikakaa kwenye kigoda kuyalinda. Hapakuwa na kaa wala kiberiti karibu.

Debe la nazi lilipoa taratibu, kama chai iliyosahauliwa. La alizeti lilipoa kidogo, likasimama, kisha zebaki ikaanza kupanda. Nilikaa pale naitazama ikipanda. Ilipofika saa nane ilinijia ile harufu, harufu ya milango mipya, nikageuka kutazama dirisha la chumba cha watoto wangu, ingawa nilijua hawapo. Moshi ukatoka kwenye gunia. Nikamimina ndoo nzima ya maji, na nyingine, na nyingine. Uani pakawa tope. Nilipoliona lile tope nilikumbuka tulichokicheka.

Sikumwambia mtu. Sasa nitasema ukweli wenyewe, maana nimekwisha kujidanganya vya kutosha: haikuwa kwamba nafasi haikupatikana. Niliona haya. Niliogopa mdogo wangu aniulize mbona nilimletea mwanawe kitu nisichokijua sawasawa. Niliogopa wanafunzi wakisikia. Nilijiambia Bibi ameshasahau, nisimtoneshe kidonda. Mama yangu akaugua, akafariki akiamini ni pasi, na hata pale kitandani pake, tukiwa wawili peke yetu, nilimsomea dua na kumnywesha uji na sikufungua mdomo juu ya hilo. Kuanzia hapo ile harufu ikanifuata. Naisikia nikifungua kabati la nguo mchana wa joto. Naisikia ofisini. Mara mbili nimesimamisha kipindi nikawatoa wanafunzi nje, na hapakuwa na kitu.

Mwaka huu, mwalimu mwenzangu alileta kichupa cha vidonge alivyonunua kwa rafiki yake wa Dar es Salaam. Vya kupunguza tumbo. Alikiweka mezani kwangu akasema, “Mama kemia, nisomee, hivi ni kweli au nimeliwa?”

Nikasoma. Asidi ya linoleiki fungamani. Nilimweleza kwamba ni asidi ileile ya kwenye alizeti, ila vifungo vyake vimehamishwa vikakaa jirani. Kwamba ng'ombe na mbuzi wanayo, vijidudu vya tumboni mwao huvihamisha vifungo kimyakimya, ndiyo maana imo kwenye maziwa na mafuta ya nyama. Kwamba habari za kupunguza tumbo zina kelele kuliko ushahidi, na wengine vidonge hivyo huwavuruga tumbo tu. Anywe maziwa, atembee ufukweni jioni.

Akacheka, akakitupa kichupa ndani ya mkoba. “Ahsante. Wewe ukisema, sisi tunaamini.”

Kipindi cha nne sikufundisha. Niliomba ruhusa, nikachukua bodaboda mpaka Msimbati.

Nilimkuta Bibi chini ya banda, akimenya mihogo. Alikuwa amepungua, lakini alinitambua kabla sijashuka.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwalimu. Kuna msiba?”

Nikamwambia hakuna msiba. Nikakaa chini, si kwenye kigoda alichonisogezea, nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na bado nilianza kwa kifungo na kaboni, kama mpumbavu. Akaniinulia kisu: “Sema Kiswahili.” Nikasema basi. Kwamba mafuta yangu ya alizeti yalishika kwenye nguo siku hadi siku yasitoke kwa sabuni. Kwamba nguo zikikunjwa za moto mafuta yale yanajichemsha yenyewe mpaka yanawaka. Kwamba ya nazi hayafanyi hivyo, na yeye alikuwa akizikunja hivyo miaka yote bila tatizo, mpaka nilipoleta dumu. Kwamba mkaa aliumwaga na kuuzima. Kwamba hakusahau kitu.

Aliokota muhogo mwingine. Nikadhani hajaelewa, nikaanza kurudia.

“Nimeelewa,” akasema. “Nilikwambia yananata.”

“Uliniambia.”

“Lakini kaa nililiona, mwalimu. Mpaka leo naliona. Jekundu, limeshika kwenye pindo la khanga ya njano.”

“Halikuwepo, Bibi. Sisi ndio tuliokutia akilini.”

Alitikisa kichwa, si kunikubalia wala kunikatalia. Akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Hili umelijua lini?”

Ningeweza kudanganya. Ningesema jana. Nilimwangalia usoni nikasema, “Mwaka wa tatu sasa.”

“Mitatu.” Akaweka kisu chini. “Katika hiyo mitatu binti yangu kazaa wawili. Kaolewa mjini, hapo Chikongola, unapapita kila siku ukienda shuleni. Mama mkwe wake alisema mwenye mkono wa moto asimsogelee mzazi wala kichanga. Nilikwenda na mafuta yangu, nikaishia mlangoni. Wa pili sikwenda kabisa.”

Nililia. Hakunibembeleza. Aliingia ndani, akatoka amejifunga khanga nyingine na kujitanda, akasema, “Twende. Ukaseme na kule.”

Tulikwenda. Kwa binti yake tulimkuta yeye, mama mkwe wake, na watoto wote wawili, wa miaka miwili na nusu na wa miezi kumi. Nilisimama ukumbini nikasema yote, bila kaboni safari hii. Nikalitaja dumu. Nikaitaja ile miaka mitatu pia. Mama mkwe aliniuliza maswali mawili ya maana, akatazama sakafu, kisha akamwambia Bibi, “Mama mwenzangu, tusamehe.” Binti wa Bibi alimpakata yule mdogo, akamsogeza kwa mama yake, akamwekea mapajani.

Bibi alimpokea vizuri, kichwa kwanza, kama nilivyomwona akiwapokea wangu. Mtoto alimtazama usoni. Akatazama nyuma kumtafuta mama yake, uso ukakunjamana, akaanza kulia, analia na kujinyonga na kunyoosha mikono atolewe. Binti alisema atazoea, mama, atazoea. Yule mkubwa alikuwa amejificha nyuma ya mlango na hakutoka hata alipoitwa kwa jina.

“Mchukue,” Bibi akamwambia binti yake. “Hana kosa. Hanijui.”

Akamrudisha, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

“Umekwisha kusema, mwalimu,” akasema. “Sasa nenda nyumbani.”

Nikaaga, nikaenda.